SIKILIZA, JADILI, JIBU: CHAMA CHA USHIRIKA NA REDIO YA WANANCHI

Somo kwa makatibu, kamati za elimu na wanachama wote

SHABAHA YA SOMO

Somo hili lina shabaha tatu. Ya kwanza ni kueleza redio na televisheni zisizo za biashara ni zipi, na kwa nini zinamhusu mwanachama wa chama cha ushirika. Ya pili ni kukumbusha jinsi wananchi wa Tanzania walivyowahi kuitumia redio kama darasa. Ya tatu ni kuonyesha jinsi chama kinavyoweza kuunda kikundi cha kusikiliza, kukiendesha, na kupeleka majibu kituoni.

Katibu anaombwa alisome somo mbele ya wanachama kwa sauti, sehemu baada ya sehemu. Likisomwa na Katibu peke yake, kisha likafungiwa kabatini, litakuwa halikufika.

1. HABARI INAYOKUJA KWA BOTI

Kijiji cha Mwamgongo kimo Wilaya ya Kigoma, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni milima inayopanda ghafla. Msafiri wa kwenda mjini hushuka mwalo wa Kibirizi kwa boti. Ziwa linapochafuka safari huahirishwa, na pamoja na safari huahirishwa barua, gazeti na waraka wa Serikali. Mahali pa namna hiyo, habari ya redio hutangulia habari ya karatasi.

Ubaya ni kwamba uvumi nao hutangulia. Tuchukue jambo moja lililowagusa wavuvi wote wa ziwa hili. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ilifuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa mwanachama aliyekopa ili anunue nyavu au mashine ya boti, tangazo kama hilo si la kusikia na kusahau. Hapana budi ajue tarehe yenyewe, wala si tarehe aliyoambiwa na abiria aliyeambiwa na mwingine. Hapana budi ajue ni shughuli zipi zinazokatazwa na zipi zinazoruhusiwa. Tena ana maswali ambayo tangazo peke yake haliyajibu: marejesho ya mkopo yatakuwaje katika miezi ambayo hakuna mapato? Mama anayenunua dagaa wabichi na kuwakausha atafanya kazi gani? Chama kitazungumza na nani?

Hapo ndipo linapoonekana jambo kuu la somo hili. Kuwa na redio ni jambo moja. Kunufaika na utangazaji ni jambo jingine. Mwananchi hunufaika kwa hakika pale anaposikia habari sahihi kwa wakati wake, akaijadili na wenzake, akaamua la kufanya, na akapata njia ya kumjibu aliyesema. Mojawapo ya hayo likikosekana, redio hubaki kuwa sauti ipitayo.

2. REDIO ISIYO YA BIASHARA NI IPI?

Mwanachama anaweza kukitambua kituo chochote kwa maswali matatu. Ni mali ya nani? Nani hulipa gharama zake? Nani huamua kinachotangazwa?

Kituo cha biashara ni mali ya mwenye mtaji. Gharama zake hulipwa kwa matangazo ya bidhaa, na vipindi hupangwa ili viwavute wasikilizaji watakaonunua bidhaa hizo. Hilo si kosa, na vituo vingi vya biashara huwaletea wananchi habari njema. Lakini yafaa ieleweke kwamba mfanyabiashara hupeleka mtambo wake mahali penye wanunuzi wengi. Kijiji kilicho kati ya mlima na ziwa si soko la kumvutia.

Kituo cha umma ni mali ya wananchi wote kupitia Serikali yao. Hapa nchini ni Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, mrithi wa Redio Tanzania Dar es Salaam iliyosikika tangu mwaka 1965. TBC nayo hupokea matangazo ya kulipiwa, lakini wajibu wake wa kwanza ni kuuhudumia umma, hata pale pasipo na faida.

Kituo cha jamii ni mali ya wakazi wa eneo fulani au chombo walichokiunda wenyewe. Hakikuanzishwa ili kugawa faida. Ziada ikipatikana hurudishwa katika kazi. Mwanaushirika ataona upesi kwamba tabia hii inafanana sana na ya chama chake. Mfano unaojulikana ni redio ya Orkonerei huko Terrat, Simanjiro, iliyoanzishwa na jamii ya wafugaji mwaka 2002. Kisiwani Pemba ipo redio ya jamii ya Micheweni.

Kuna pia vituo vinavyoendeshwa na mashirika ya dini au ya huduma. Jirani na Mkoa wa Kigoma, mjini Ngara, Redio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, ili isikilizwe na wakimbizi pamoja na wenyeji waliowapokea. Ng'ambo ya ziwa, Redio Okapi ilianza tarehe 25 Februari, 2002, chini ya Umoja wa Mataifa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Kisheria, leseni za utangazaji hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, nayo hutofautisha huduma za biashara na zisizo za biashara. Aidha, sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa kutambua kwamba yapo maeneo ambayo biashara peke yake haitayafikishia mawasiliano. Makatibu na wajue kwamba vyombo hivyo viwili vipo, na kwamba chama chaweza kuviandikia.

3. MAWIMBI NA MILIMA

Wanachama huuliza kwa nini redio ya nchi jirani husikika vizuri, na pengine kituo cha nchini husikika kwa shida. Jibu si siri.

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, kama mwanga wa taa. Mlima ukisimama kati ya mnara na nyumba, nyumba hubaki kivulini. Lakini juu ya maji hakuna kizuizi, na sauti iliyorushwa kutoka ufuko mwingine wa ziwa huweza kufika mbali. Mawimbi ya kati huambaa na ardhi, na usiku hurudishwa chini kutoka angani, hivyo huvuka masafa marefu zaidi. Ndiyo sababu wazee wanakumbuka kuisikia Redio Tanzania usiku kwa uwazi kuliko mchana.

Kwa hiyo anayetaka usikivu wa FM pwani yenye milima hana budi kupata mtambo wa kupokea na kurusha tena, uliowekwa mahali panapoonana na kijiji. Kuomba mtambo wa namna hiyo si kuomba hisani. Ni kuomba huduma ya umma, kama vile barabara au zahanati.

Kwa upande wa televisheni, Zanzibar ilitangulia mwaka 1973. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza, na Televisheni ya Taifa ilianza kuonekana mwaka 2000. Mitambo ya dijitali ilianza kuchukua nafasi ya ile ya zamani tangu mwisho wa mwaka 2012, na mtazamaji akahitaji king'amuzi au dishi. Chama chenye ukumbi na umeme wa jua kinaweza kuweka televisheni moja ya wanachama wote. Lakini kwa kijiji cha wavuvi redio ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa ni rahisi, hula umeme kidogo, na mtu huisikiliza huku akishona wavu.

4. DARASA LA REDIO LILIVYOKUWA

Njia ya kusikiliza kwa vikundi si mpya. Mwaka 1941 wakulima wa Kanada walianza kukusanyika majumbani kusikiliza kipindi chao katika redio ya umma, kisha kukijadili na kupeleka maoni yao kituoni. Wito wao ulikuwa: soma, sikiliza, jadili, tenda. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1965. Mwaka 1956 njia hiyo ilijaribiwa katika vijiji vya India karibu na mji wa Pune, kwa msaada wa UNESCO.

Hapa Tanzania, ushirika ulikuwa miongoni mwa waliotangulia. Katika miaka ya 1960 Kituo cha Elimu ya Ushirika cha Moshi kiliwafundisha wanachama na wajumbe wa kamati kwa masomo ya posta, vikundi vya kujifunza na vipindi vya redio. Baadaye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaikuza njia hiyo kuwa kampeni za taifa: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa ngazi kwa ngazi, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Kwa muda wa wiki 12 kila kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kikajadili, kisha kikatoka kwenda kufanya kazi. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu na usafi wa maji. Walipotoka darasani walichimba vyoo, walifyeka majani karibu na nyumba, na walisafisha visima.

Siri ya kampeni ile haikuwa wingi wa redio. Redio zilikuwa chache, na kikundi kizima kiliizunguka moja. Siri ilikuwa utaratibu: saa iliyojulikana, kiongozi aliyefunzwa, kijitabu mkononi, na azimio mwishoni. Leo mambo yamegeuka. Redio imo ndani ya simu mfukoni mwa mtu, lakini kila mmoja husikiliza peke yake. Tumepata vyombo vingi, tukapoteza kikao.

Hata hivyo, zamani isisifiwe kupita kiasi. Mada za kampeni zile zilichaguliwa juu, na sauti ilishuka kutoka Dar es Salaam. Wanakijiji walijibu kwa jembe na sururu, lakini nafasi yao ya kusema wenyewe hewani ilikuwa ndogo. Upungufu huo ndio unaotuleta kwenye sehemu inayofuata.

5. HAKI YA KUJIBU

Mwezi Mei 1982, katika mji wa Homa Bay ulioko kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kulifunguliwa kituo kidogo cha redio kwa msaada wa UNESCO. Kilitangaza kwa Kijaluo, na kilifanya kazi karibu na wasikilizaji wake. Mara nyingi hutajwa kuwa redio ya kwanza ya jamii katika Afrika. Lakini kituo kilikuwa chini ya Serikali, na mwaka 1984 Serikali ikakifunga. Wasikilizaji hawakuwa wenye mali, hivyo hawakuwa na kikao cha kuamua hatima yake. Funzo ni hili: sauti ya wananchi hudumu pale wananchi wanapokuwa na umiliki, kumbukumbu na mkutano.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Nchini Rwanda, tangu Julai 1993, kituo cha kampuni ya watu binafsi kiitwacho RTLM kilitangaza chuki, na mwaka 1994 kikachochea mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu waliohusika na uongozi wake. Wakazi wa Ngara na Kigoma hawahitaji kuelezwa kwa kirefu matunda ya siku zile, kwani waliwaona wakimbizi wakivuka mpaka. Kituo chochote, kiwe cha biashara au la, kinaweza kupotosha. Kinga ya msikilizaji ni kuuliza: nani anasema, amejuaje, na nani mwingine amelithibitisha? Maswali hayo huulizwa vizuri zaidi katika kikao kuliko katika masikio ya mtu mmoja.

6. NAMNA YA KUENDESHA KIKUNDI

Hatua zifuatazo zinaweza kufuatwa na chama chochote, kiwe cha wavuvi, cha wakulima, au cha akiba na mikopo.

(a) Kamati iteue kikundi cha wanachama 10 hadi 20, wanaume kwa wanawake, pamoja na kiongozi na mwandishi. Si lazima kiongozi awe msomi mkubwa. Awe mtu anayejua kunyamaza ili wengine waseme.

(b) Wakati uchaguliwe kwa kufuata kazi za watu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi huzipunguzia taa nguvu ya kuwavuta. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi huwa nchi kavu. Hizo ndizo siku za kikao kikubwa, na kisipangwe asubuhi, maana ni saa ya wanawake kuanika dagaa.

(c) Kipindi kinaporushwa wakati watu wako ziwani, mwandishi akirekodi kwa simu yenye redio na kinasa sauti, kisha kisikilizwe kikaoni. Katika mwaka 1973 aliyekosa saa alikosa somo. Leo sababu hiyo haipo tena.

(d) Baada ya kusikiliza, kiongozi aulize kwa utaratibu huu: Tumesikia nini? Kuna aliyesikia tofauti? Jambo hili linagusaje chama chetu? Tufanye nini, nani atafanya, na lini? Pale penye wazee wasiofuata vizuri Kiswahili cha redio, jambo lirudiwe kwa Kiha kabla ya majadiliano.

(e) Tangazo la Serikali lenye tarehe au katazo lithibitishwe kabla ya kubandikwa. Katibu apige simu kwa Afisa Uvuvi, Afisa Ushirika au Mtendaji wa Kijiji, kisha aandike kwenye ubao tarehe, chanzo cha habari na jina la aliyethibitisha.

(f) Gharama ndogo za betri, daftari na muda wa simu zitoke katika fungu la elimu lililopitishwa na mkutano mkuu, na ziandikwe vitabuni kama matumizi mengine. Asitokee mtu akajitolea redio yake mwaka huu, na mwaka ujao akaigeuza kuwa deni la chama.

(g) Vyama jirani vya pwani moja vishirikiane. Kituo kitakachopokea barua moja kutoka vyama vitano kitaizingatia kuliko barua tano za watu watano.

7. MFANO WA BARUA YA KIKUNDI

Barua ya kwenda kituoni iwe fupi na yenye ushahidi. Mfano:

"Kwa Mkuu wa Vipindi. Kikundi cha kusikiliza cha Chama chetu, chenye wanachama ..., wanawake ... na wanaume ..., kilisikiliza kipindi cha tarehe ... kuhusu kusimamishwa kwa uvuvi. Tumeelewa tarehe na sababu. Hatukuelewa mambo mawili: la kwanza ..., la pili .... Tunaomba afisa mhusika ayajibu hewani. Tunaomba pia mwanachama wetu mmoja, mwenye kazi ya kukausha dagaa, ahojiwe kwa simu ili naye aeleze hali ilivyo huku. Kipindi kinasikika kwetu vizuri / kwa shida / hakisikiki (futa yasiyohusika). Imesainiwa na Kiongozi na Mwandishi."

Nakala ibaki katika faili la elimu. Kituo kisipojibu kwa mwezi mmoja, barua ya pili iandikwe na kuitaja ya kwanza. Taarifa ya usikivu ikiwa mbaya mfululizo, nakala za barua hizo ndizo ushahidi wa kuambatisha kwa TCRA na kwa uongozi wa Wilaya. Malalamiko ya mdomo husahauliwa. Faili lenye tarehe halisahauliki upesi.

8. MASWALI YA KUJADILI

1. Taja vituo vitatu vinavyosikika kijijini kwenu. Kwa kila kimoja eleza ni mali ya nani, nani hulipa gharama, na nani huamua vipindi.

2. Ni tangazo gani la mwaka uliopita lililowafikia wanachama likiwa limechelewa au limepotoshwa? Chama kilipata hasara gani?

3. Uvuvi ukisimamishwa tena kwa miezi 3, chama chenu kitaamuaje kuhusu marejesho ya mikopo? Je, uamuzi huo ungoje tangazo, au uwemo katika masharti ya mkopo tangu sasa?

4. Ni nani katika chama ambaye sauti yake haijawahi kusikika hewani, naye ana jambo la kuufaa umma?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIKAO KIJACHO

Kila chama kiteue kiongozi na mwandishi, kisikilize kipindi kimoja kwa pamoja, na kiandike barua moja. Nakala ya barua iletwe Chama Kikuu.

MWISHO

Msingi wa tano wa ushirika, kama ulivyotamkwa tena na vyama vya dunia nzima huko Manchester mwaka 1995, unavitaka vyama viwape wanachama elimu, mafunzo na habari. Chama kinachopima dagaa kwa uaminifu lakini kinaacha wanachama wake waishi kwa uvumi kimetimiza nusu ya wajibu wake. Nusu ya pili haihitaji fedha nyingi. Inahitaji redio moja, daftari moja, na wanachama waliokubaliana saa ya kukaa pamoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na redio isiyoulizwa haijui kama imesikika.